Punje Zilizorudi Nyeupe

Watu wakiniuliza Makhanu ni mtu wa aina gani, huwa naanza na meno. Wacha nionekane sina adabu. Meno yake ni ya rangi ya chai ya rangi, yale mawili ya mbele yamechimbika vishimo vidogo, na kwa miaka kumi na minane tuliyofanya kazi pamoja sikuwahi kumwona akicheka bila kuinua mkono kufunika mdomo. Hata akiwa peke yake. Siku moja nilimchungulia akisoma kitu kwa simu, kikamchekesha, na mkono ukapanda wenyewe ilhali hakuna mtu ndani ya chumba.

Mimi ni Wamuyu, mama Ngigi. Naosha vyombo vya maabara katika chuo kimoja hapa Nakuru. Kemia sikusoma, lakini ukiosha vyombo vya watu wa kemia miaka yote hiyo utajua nani mchafu, nani mvivu, na nani anaenda nyumbani na sabuni ya chuo. Makhanu hakuwa mmoja wao. Yeye ndiye fundi wa maabara, yule mtu ambaye wasomi humwambia "nipimie hii", halafu kazi ikitoka kwa karatasi, jina lake hulioni. Nitasema habari zake jinsi ninavyozijua. Mahali nilipokosea nitasema pia, kwa sababu nimechoka kubeba.

Babake alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli. Walikaa kwenye nyumba za reli, wakanywa maji ya kisima kama kila mtu. Sasa, maji ya huku kwetu yanapita kwenye mawe ya volkano na yanabeba floraidi nyingi. Huioni, huinusi, na ukichemsha haitoki, inazidi tu kukolea. Mtoto akiinywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi, yatatoka na madoa ya kahawia. Mtu akiinywa miaka na miaka, mifupa inakakamaa. Mamake Makhanu alizeeka akiwa hawezi kugeuza shingo. Ukimwita kutoka nyuma, alikuwa anageuka mwili mzima.

Shuleni Makhanu walimwita Chokoleti. Alipoenda kuposa mara ya kwanza, shangazi mmoja wa msichana aliuliza mbele ya wageni kama huyu kijana anavuta bangi. Hiyo hadithi alinipa mara moja tu, akiwa ameangalia ukuta. Baadaye alioa kwingine, wakapata Fancy, na Fancy akakua hapa mtaa wa Kaptembwo akinywa maji hayo hayo, akatoka na meno ya babake na ule mkono wa babake. Mke alifariki Fancy akiwa kidato cha pili. Halafu Fancy akazaa Natasha, na hapo ndipo mzee akabadilika.

Siku Natasha alipoota jino la kwanza, Makhanu alikuja kazini, hata koti hakuwa ametoa, akaniambia, "Mama Ngigi, hii ya sasa ni ya maziwa, hiyo hutoka tu nyeupe. Zile zingine ndizo zinajengwa saa hii. Niko na miaka kama tano hivi."

Hakusema kwa furaha. Alisema jinsi mtu husema tarehe ya mtihani. Kuanzia hapo kila alichofanya katika ile maabara kilikuwa cha hayo meno ya Natasha, hata kama karatasi ilisema ni utafiti wa chuo.

Mwenye utafiti alikuwa Daktari Kigen, mtu mpole wa Eldama Ravine ambaye hutafuta miwani ikiwa kichwani. Wazo lake lilikuwa zuri, lazima niseme. Kule Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke, maji ya moto yanayotoka chini ya ardhi yakipoa huacha ukoko mweupe ndani ya mabomba, na ukoko huo hukwanguliwa ukatupwa. Makhanu alikuwa anaenda kuuchukua kwa magunia. Wanauyeyusha, wanautia aina fulani ya sabuni, na hapo sasa ndipo Makhanu alikuwa akipenda kunisimamisha na ndoo yangu anieleze.

"Chembe moja ya sabuni iko na kichwa na mkia," alikuwa anasema. "Kichwa inapenda maji, mkia inachukia. Ukiweka nyingi kwa maji zinakusanyika zenyewe, mikia ndani, vichwa nje, zinakuwa vijiti. Vijiti vinasimama pamoja, vimejaa sawasawa. Ule ukoko wa Olkaria unaganda kuvizunguka. Halafu tunachoma. Sabuni inaungua, zinabaki punje nyeupe zimejaa matundu."

Matundu hayo ni madogo hivi kwamba darubini yetu haiyaoni. Elfu ishirini na kitu unaweza kuyapanga kwenye upana wa unywele mmoja. Ilibidi picha ipigwe Nairobi, na siku ilipokuja Makhanu aliibandika ukutani juu ya sinki langu. Ilikuwa sega la nyuki kabisa, safu kwa safu, kila tundu sawa na mwenzake. Aliniambia kijiko kimoja cha punje hizo, kuta zake zote zikitandazwa, zinafunika nusu ya uwanja wa mpira. Kuta hizo walizipaka kitu cha alumini kinachoshika floraidi, na maji yakipita floraidi inabaki humo.

"Na ni nani anaipanga hivyo?" nilimuuliza.

"Hakuna mtu. Ukiipea hali inayoitaka inajijenga." Aliangalia picha. "Na ukiiharibia hiyo hali, inajibomoa. Hiyo nayo haihitaji mtu."

Maneno hayo niliyasikia na masikio yangu mawili. Sitasema sikuambiwa.

Walizijaribu hizo punje mwaka mzima. Waliziweka kwenye joto, kwenye barafu, kwenye siki, kwenye maji ya matope, kwenye maji ya Ziwa Naivasha mwezi mzima. Makhanu alipima kila kitu mara tatu, na kila namba aliandika kwa kalamu ya bluu kwenye kitabu chake cha jalada gumu, pamoja na saa na dakika. Namba bila saa kwake haikuwa namba. Na alikuwa na tabia nyingine: chupa zikiwa nyingi, alinitaka mimi nibandike majina chini ya chupa, kwenye kitako, ili apime bila kujua anapima ya nani. Alisema mtu akijua atajipendelea.

Orodha ya majaribio Daktari Kigen aliitoa kwenye vitabu vya wazungu. Magadi haikuwemo. Huko walikoandika hakuna mtu anapika githeri ya mahindi na maharagwe akiwa na haraka, wala hakuna mtu analainisha kunde. Huku kwetu kila jikoni iko na magadi kwa mkebe, na Makhanu mwenyewe alikula mboga ya magadi kila wiki ya maisha yake. Lakini jikoni haikuulizwa. Hata mimi niliyekuwa nimesimama pale na kitambaa sikuuliza, nilidhani wasomi wanajua.

Ndoo zikatengenezwa ishirini na mbili. Ni ndoo juu ya ndoo, ya juu ina punje, ya chini ina bomba la kuteka. Zikapelekwa Kaptembwo, nyumba ishirini na mbili, na ya Fancy ilikuwa namba saba. Maji ya kisima yalikuwa yakiingia na floraidi miligramu sita kwa lita, yanatoka na nusu miligramu. Kila mwezi Makhanu alikusanya chupa, akapima, akarudi kwangu akisema "Nusu tena," na mara moja alisahau kabisa kuinua mkono. Nilimwona akicheka meno yote nje. Ilinifurahisha, na nikamtania kwamba sasa ataanza kupigwa picha.

Pamoja na ndoo kulikuwa na karatasi ya maagizo. Suuza kwa maji safi. Usitumie sabuni.

Mwezi wa tano tangu ndoo zifike, punje zilianza kuteleza na kunuka kidimbwi. Jumapili moja baada ya kanisa nilipitia kwa Fancy, nikamkuta amekunja uso mbele ya ndoo.

"Mathe, hii kitu inanuka. Daddy anasema nisuuze na maji. Nimesuuza, bado."

Nikachukua punje kwa kiganja, nikanusa. Na mimi ni mtu wa kuosha, si ndiyo? Kama kuna kitu kimoja duniani najua ni kuosha. Mama yangu alitoa harufu kwa mitungi na magadi. Hata chuoni, sabuni ikiisha, magadi ndiyo hunitolea madoa kwa kioo. Karatasi ilikataza sabuni, na magadi si sabuni, ni kitu cha kupikia.

"Leta magadi," nikamwambia.

Tuliyeyusha ngumi nzima kwa maji ya uvuguvugu, tukaloweka, nikakoroga na mwiko. Ule utelezi uliyeyuka wote. Tukamwaga, tukasuuza mara mbili tu, kwa sababu maji ya mfereji huja Jumapili peke yake na hayakuwa ya kuchezea. Punje zilikuwa zimerudi nyeupe kuliko siku zilipoletwa. Fancy alicheka na mkono mdomoni, akasema zimekuwa mpya. Mimi nikajiona. Nikawaza, hata mimi ni mtu wa sayansi.

Saa hiyo hiyo Fancy akapitisha maji ya wiki. Ya kwanza kutoka aliyaweka kwenye mtungi wa njano wa lita ishirini, mtungi wa Natasha, ambao mtu mwingine hakuruhusiwa kugusa. Kikombe cha kwanza nilimpa mimi. Alikuwa na miaka minne na nusu, amesukwa, amevaa rinda la Sunday school. Akaonja, akakunja uso.

"Iko na chumvi," akasema.

"Kunywa, hiyo ni usafi tu," nikamwambia, na akanywa.

Jumatatu alitapika. Jumanne alitapika. Makhanu akasema kuna homa ya tumbo inazunguka mtaani, na kweli ilikuwako. Jumatano jioni alikusanya chupa za mwezi kutoka nyumba zote, kila moja imetekwa kwa bomba la ndoo, nami nikabandika namba za nyumba kwenye vitako na kuzipanga mezani kwa mkono wangu.

Alhamisi asubuhi alianza kupima. Nusu. Nusu. Sifuri nukta sita. Nilikuwa nafuta meza ya pembeni. Kisha kifaa kikakaa kimya muda mrefu kuliko kawaida, na nikasikia Makhanu akisema, "Hii nini."

Thelathini na moja. Maji yaliyokuwa yakiingia na sita yalikuwa yametoka na thelathini na moja. Akaangalia saa ya ukutani, saa nne na dakika kumi, akaandika.

"Mashine imeharibika," akasema.

Mimi nilikuwa naangalia mahali ilipokuwa imesimama ile chupa. Nilizipanga mwenyewe kwa kufuata namba za nyumba, yeye hakujua. Ilikuwa ya saba kutoka kushoto.

Nilijua. Sitaki kudanganya mtu. Niliona ule mwiko ukikoroga, nikasikia mtoto akisema iko na chumvi. Sikujua kemia yake, ile niliyokuja kuelezwa baadaye, kwamba magadi hulainisha kuta za yale matundu na kuachisha floraidi yote iliyokamatwa miezi mitano, kwamba ndoo ile ilikuwa imefungua mkono wake mara moja. Lakini nilijua ni mimi. Ningesema maneno mawili tu. Badala yake nikaendelea kufuta meza ambayo ilikuwa safi. Niliogopa kufutwa kazi. Niliogopa Daktari Kigen. Zaidi niliona aibu mbele ya Makhanu, mimi mwenye mdomo mrefu wa kufundisha watu kuosha. Nikaomba Mungu mashine iwe imeharibika.

Makhanu hakuwa na haraka, hajawahi kuwa nayo. Alisafisha kifaa, akatengeneza upya maji ya kukirekebishia, akangoja kitulie. Akapima chupa zingine mbili, nusu na nusu. Akairudia ile. Thelathini na moja. Akaandika saa, akaanza tena kusafisha kwa mara ya tatu.

Saa nne na nusu simu yake ikalia. Alikuwa na glavu, akanionyesha kwa kidevu niiwashe sauti. Nikaiwasha.

"Daddy, bado anatapika," Fancy akasema. "Na sasa anasema vidole vinamkaza. Vimejikunja, havikunjuki."

"Unampa nini?"

"Ile maji ya chumvi na sukari, vile ulisema."

"Umechanganya na maji gani?"

"Ya mtungi wake. Ya ndoo."

"Sawa. Usimpe ya mfereji kabisa, tumbo yake ni dhaifu. Endelea na hiyo, kijiko kwa kijiko, usiache. Namalizia hapa nakuja tumpeleke hospitali."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Mkononi mwangu, jamani. Nilikuwa nimeishika karibu na mdomo wangu kuliko wake. Nikaizima, nikaiweka mezani, na Makhanu akarudi kwa kifaa chake.

Mara ya tatu ilitoka thelathini na moja. Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika hamsini. Akaandika, akavua glavu, na ndipo akageuza chupa asome kitako.

Alisoma ile saba muda mrefu. Kisha akaniangalia, si kwa kunishuku, alikuwa tu anatafuta mtu wa kumwambia. Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka.

"Tuliosha na magadi," nikasema. "Jumapili. Mimi na Fancy."

Hakupaza sauti. Alichukua simu, akapiga, akasema, "Fancy, wacha hiyo maji. Wacha sasa hivi. Usimpe hata tone." Nikasikia Fancy akiuliza kwa nini, na kwamba mtoto amemaliza kikombe kizima sasa tu, amekinywa chote bila kutapika, kwani si hiyo ni dalili nzuri. Makhanu alikuwa tayari ameshika mlango.

Alichukua boda, nami nikachukua yangu nyuma yake. Tulimkuta Fancy barabarani amembeba. Hospitali hawakumpuuza, hata kidogo. Daktari wa zamu, dada mdogo anaitwa Becky, alimsikiliza yule mzee wa koti la maabara akisema floraidi, akisema kalsiamu, akisema namba, na akakimbia. Floraidi nyingi hula kalsiamu ya damu; walimtia sindano ya kalsiamu, wakamtia tena. Moyo ulisimama ukarudi. Ulisimama tena saa saba na nusu na haukurudi.

Makhanu alitoka mle ndani akaketi kwenye benchi kando yangu. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti na yeye hakuwa analia. Alisema, "Mtungi. Ile chupa ilitoka kwa bomba Jumatano, siku ya nne. Mtungi ulijazwa Jumapili." Alikuwa anapiga hesabu kichwani, sikutaka afike mwisho. Jioni alirudi chuoni na kikombe cha maji ya mtungi, akapima. Mia moja na tisini. Aliandika na saa.

Kesho yake, kabla hata ya kusafirisha maiti Bungoma, alizunguka Kaptembwo nyumba kwa nyumba akakusanya ndoo zote ishirini na mbili. Mbili zingine punje zilikuwa nyeupe pe. Fancy aliwaonyesha majirani Jumatano asubuhi, chupa zao Makhanu hakuwa amezifikia kupima, na majirani walikuwa wamepanga kuonyesha wengine Jumapili kanisani. Wakubwa wa nyumba hizo waliumwa tumbo tu. Punje zenyewe alizipeleka Nairobi kupigwa picha, na picha ilipokuja sega halikuwako tena. Ilikuwa rojo, haina safu wala tundu. Hiyo aliibandika ukutani kando ya ile ya kwanza, juu ya sinki langu.

Mazishi nilienda. Fancy alinikumbatia, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu yeye anadhani sote wawili tulikosa kitu kimoja siku ya Jumapili. Hajui habari ya Alhamisi. Kosa la magadi naweza kulilalia na usingizi ukaja. Hatukujua, hata Daktari Kigen alilia akisema ni yeye, ni orodha yake. Kile kikombe cha mwisho ndicho siwezi.

Makhanu alirudi kazini baada ya wiki tatu. Nilikuwa nimengoja kufutwa na hakuna aliyenifuta. Alivaa koti, akaketi, akafungua kile kitabu kwenye ukurasa wa Alhamisi. Zilikuwa namba tatu zinazofanana, kila moja na saa yake, na katikati alikuwa amejaza kwa wino huo huo: simu ya Fancy, saa nne na nusu.

"Mama Ngigi," akaniita.

"Naam."

"Chupa ulipanga wewe."

"Ni mimi."

"Ulijua saa ngapi?"

Ningeweza kusema nilikumbuka pale tu alipoigeuza chupa. Angeniamini. Ni mtu wa kuamini watu. Nilitazama ile kalamu ya bluu ikiwa imeinuliwa inangoja, na nikaona nikimpa namba ya uongo ataiandika, na itakaa pale milele kati ya namba za kweli.

"Saa nne na dakika kumi," nikasema. "Mara yako ya kwanza."

Aliandika. Aliandika jina langu lote, Wamuyu, na saa. Kidole chake kikashuka polepole kutoka mstari huo, kikapita simu ya Fancy, kikafika saa nne na dakika hamsini, kikakaa hapo. Akafunga kitabu. Hakunitukana. Alikusanya chupa zake chafu kwa trei, akazipeleka kwa sinki, akafungua mfereji.

Mpaka leo vyombo vyake anaosha mwenyewe. Mimi husimama kando na kitambaa changu mpaka amalize.